Vyungu, mabomba na mawe bapa: maficho ya kambare wadogo yanayopatikana Arusha na Moshi

Pango bora la kambare mdogo, kwa mfugaji wa Arusha au Moshi, haliuzwi kwenye duka la samaki wa mapambo. Linapatikana duka la vifaa vya ujenzi likiwa kipande cha bomba, linapatikana sokoni kwa akina mama wa vyungu, na lile linalowafaa samaki wa mito yetu wenyewe limelala kwenye rundo la mawe ya kupangia njia za bustani. Hapa tunayapitia maficho yanayopatikana katika miji hii miwili: kila moja linamfaa kambare gani, linaandaliwaje, na likiharibika huharibikia wapi.

Tumeyapima kwa maswali manne, na uzuri wake mbele ya kioo haumo. Je, kuta zinamgusa samaki angalau pande mbili? Je, maji yanapita ndani? Je, anaweza kutoka bila kurudi kinyumenyume? Je, ngozi yake itabaki salama? Swali la mwisho lina uzito kwa sababu kambare hana magamba. Kinachomkinga ni ute tu, na mkwaruzo ambao samaki mwenye magamba asingeujali, kwake hugeuka kidonda chenye ukungu ndani ya siku chache.

Kwanza lazima ujue unamtafutia nani. Neno kambare limebeba samaki wengi wenye tabia tofauti kabisa. Katika vijito vinavyoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru kuingia Kikuletwa na hatimaye Pangani, kuna Chiloglanis deckenii, samaki wa sentimita chache aliyeelezwa kisayansi mwaka 1868 na kupewa jina la msafiri Mjerumani von der Decken. Midomo yake na sharubu zake zimeungana kuwa kikombe cha kunata, na kwa kikombe hicho hujishikiza kwenye jiwe katikati ya maji yanayokimbia, mara nyingi upande wa chini, tumbo likiangalia juu. Wapo jamaa za Amphilius, wenye tumbo bapa na mapezi mapana ya kifuani, ambao hujibana kati ya mawe ya vijito vya milimani. Wapo Zaireichthys, wadogo kuliko kidole, wanaojifukia kwenye mchanga. Wapo gogogo, yaani Synodontis, wenye miiba mikali ya mgongoni na kifuani, wanaopenda mashimo na mianya. Wengi wanaofugwa majumbani ni wa Ziwa Tanganyika, kama Synodontis petricola na yule mwenye madoa mengi, Synodontis multipunctatus. Na yupo kambare mumi, ambaye tunamweka pembeni mapema: akiwa wa urefu wa kidole hukaa vizuri ndani ya bomba, lakini ni samaki anayeweza kufikia mita moja na zaidi, na atawameza wenzake wote kabla hajafika hapo.

Kinachomfaa mmoja humtesa mwingine. Duka linalokuuzia pango moja kwa kambare wote halijawatazama kambare.

Tuanze na mapango ya rezini, yale yenye umbo la ngome, mashua iliyozama au fuvu. Ndiyo yanayowekwa mbele dukani, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya juu kuliko yote tunayoyajadili hapa. Ubaya wake si sura. Ubaya wa kwanza ni madirisha: matundu madogo yenye ukingo mkali, ya sentimita 2 au 3, ambayo gogogo huingiza kichwa na mabega kisha akakwama. Miiba yake ina kufuli; ikishafunguka hairudi kwa kusukumwa, na kadiri anavyojitahidi kurudi nyuma ndivyo inavyozidi kujikita ukutani. Ubaya wa pili uko chini: mengi yana uwazi mkubwa ndani, kitako kimekaa juu ya mchanga, na maji ya humo hayazunguki. Chakula kinachoingia huoza. Ukiliinua pango la namna hiyo baada ya mwezi, mchanga wa chini yake umekuwa mweusi na unanuka yai viza. Rangi nayo huanza kubanduka kwenye kingo ndani ya mwaka mmoja, hasa kwenye yale mepesi.

Ukiwa tayari unalo, usilitupe. Ziba kwa gundi ya silikoni kila tundu lililo dogo kuliko kichwa cha samaki wako mkubwa, toboa mengine mawili karibu na kitako ili maji yapite, pitisha msasa kila ukingo, na uliweke juu ya vijiwe vitatu ili lisikalie mchanga. Tunalipatia alama 2 kati ya 5, na hizo 2 ni baada ya kazi hiyo.

Bomba la plastiki la maji tunalipatia alama 5 kwa gogogo bila kusita. Linaonekana la kiwandani, ni kweli, lakini samaki ana sababu zake: giza, kuta zinazomkumbatia, mlango wa mbele na wa nyuma. Omba bomba la kijivu la maji ya kunywa, jipya. Bomba lililotolewa kwenye maji taka lisikaribie tangi hata likisuguliwa vipi. Angalia pia aina ya plastiki, maana hapa wengi hukosea. Lile jeusi la roli linalotumika kuvuta maji mashambani, na lile la kijani la maji ya moto, yote ni mepesi kuliko maji na yataelea. La kijivu gumu huzama lenyewe.

Vipimo. Kwa gogogo wa sentimita 10 hadi 12 chukua bomba la inchi 1 na nusu, ambalo uwazi wake wa ndani ni kama milimita 42. Likate vipande vya sentimita 20. Mita moja na kidogo inatoa vipande 5. Kwa gogogo wachanga wa sentimita 5 inatosha inchi 1, urefu sentimita 10. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba bomba liwe na urefu wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya samaki, na upana wa kumruhusu ageuke kwa shida kidogo. Bomba la inchi 3 kwa samaki wa sentimita 8 si maficho, ni chumba cha wageni: atalikataa au wataingia watatu na kugombana humo.

Kata kwa msumeno wa chuma, si kwa kisu cha moto, kwa sababu plastiki iliyoungua huacha ukingo uliojikunja wenye meno. Kisha pitisha msasa namba 120 ndani na nje ya kila ncha mpaka kidole kisihisi chochote. Sugua pia ukuta wa ndani kwa urefu wote. Bomba laini kama kioo huteleza na samaki hulikwepa kwa wiki nzima, lililokwaruzwa hushika utelezi wa asili upesi na hukubalika ndani ya siku mbili tatu. Osha kwa maji matupu na brashi ya chupa, bila sabuni, uliloweke saa 24, umwage maji hayo.

Kipande kimoja kilicholala peke yake huviringika samaki akijitikisa. Dawa yake ni kuunganisha vitatu, viwili chini na kimoja juu, kwa silikoni inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo huua samaki, na huandikwa kwenye tyubu, kwa hiyo soma tyubu yote, usiishie kwenye jina. Acha ikauke saa 48, na kama harufu ya siki bado ipo, ngoja zaidi. Anayechukizwa na rangi ya kijivu apake silikoni nje ya bomba na kuliviringisha kwenye mchanga mkavu uliooshwa. Ndani lisipakwe kitu: punje za mchanga huchuna ubavu wa samaki kila anapoingia.

Kwa Chiloglanis na Amphilius bomba hilohilo linashuka hadi 2. Hao ni watu wa maji yanayokimbia. Ukilazimika kulitumia, chukua la robo tatu ya inchi kwa Chiloglanis, lilaze sambamba na mkondo wa pampu ili maji yapenye kutoka ncha hadi ncha, na usilizibe upande hata mmoja.

Sasa vyungu. Vile vya kufinyangwa kwa mkono, vinavyoletwa masokoni kutoka Upareni na kwingineko, ndivyo maficho mazuri kuyatazama kuliko yote, na vikiwa vimechomwa vyema vinashinda rezini kwa kila kigezo. Udongo uliochomwa una mkwaruzo kidogo bila kuwa mkali, hauongezi kitu kwenye maji, na baada ya miezi miwili unavaa mwani na kuonekana umezaliwa mtoni. Tunavipa 4. Pointi moja imepotea kwa sababu moja tu: uchomaji haulingani, hata ndani ya tanuru moja.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Kining'inize chungu kwa vidole viwili kwenye mdomo na ukigonge kwa kucha. Kilichoiva hulia, kisichoiva hutoa sauti ya kufa, kama umegonga kiazi. Tazama pia rangi ndani ya mdomo ulipomeguka kidogo: utando mweusi mnene katikati unaonyesha moto haukufika. Ukifika nyumbani kiloweke siku 3 kwenye ndoo, kisha sugua kitako kwa dole gumba. Ikitoka tope, kirudishe kiwe cha maua. Chungu kibichi hakitaua samaki, lakini kitamomonyoka taratibu, kitachafua maji, na siku moja paa lake litaanguka likiwa na mtu ndani.

Chukua kidogo, cha kipenyo cha sentimita 12 hadi 15. Epuka kilichopakwa rangi ya mafuta au vanishi kwa ajili ya watalii; hicho ni pambo la sebuleni. Epuka pia kilichowahi kupikiwa au kuhifadhiwa mafuta, kwa sababu udongo hunyonya na utarudisha mafuta hayo majini kwa miezi. Vyungu vya maua vya saruji tunaviacha kabisa kwa anayeanza. Saruji mpya hutoa chokaa, pH (kipimo cha uasidi wa maji) inapanda, na huhitaji kulowekwa wiki kadhaa kwa kubadilishiwa maji kabla haijatulia.

Tundu la mlango ndiyo kazi yenyewe. Loweka chungu usiku mzima ili kisipasuke. Chora mlango karibu na kitako, upana sentimita 5 na kimo sentimita 4 kwa gogogo wa sentimita 10. Toboa vitundu vya milimita 5 vikifuatana kwenye mstari huo kwa drili yenye ncha ya ukuta, ukiwa umezima kitufe cha kugongesha. Kitufe hicho kikiwa kimewashwa, chungu kinapasuka kwenye tundu la kwanza. Ukishamaliza mzunguko, kimege kipande cha kati kwa koleo, kisha lainisha kwa msasa namba 80 na baadaye 240. Mdomo wa juu wa chungu, kikishalazwa ubavu, unakuwa mlango wa pili. Ukikifudikiza juu ya mchanga na mlango mmoja tu, umetengeneza mtego: samaki mkubwa anakaa mlangoni na mdogo aliye ndani hali chakula.

Anayetaka njia ya mkato alaze chungu ubavu na kukizika nusu. Inatosha.

Tumefika kwenye mawe, na hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ndiyo yanayowafaa samaki wa nyumbani kwetu na ndiyo yanayofanywa vibaya zaidi.

Kijitoni, Chiloglanis haishi ndani ya shimo. Anaishi kwenye tabaka jembamba la maji yaliyotulia, lililo chini ya jiwe lenye mkondo mkali juu yake. Jiwe humkinga na mkondo, mkondo humletea oksijeni, mwani na viluwiluwi vya wadudu anaovikwangua. Ukimpa jiwe bila mkondo umempa nusu ya nyumba. Ukimpa mkondo bila jiwe, atajishikiza kwenye kioo kwenye kona ya chujio, na hapo ndipo wengi husema samaki wao anapenda kioo. Hana pengine pa kwenda.

Kinachotakiwa ni mawe bapa, ya unene wa sentimita 2 hadi 4 na upana wa kiganja au zaidi, yaliyopangwa kama vitabu vilivyolala, kila moja likitenganishwa na lililo chini yake kwa vijiwe vya mviringo vya sentimita 1 na nusu hadi 2. Mwanya huo mdogo ndio nyumba. Amphilius, ambao hawana miiba, hupenya mianya midogo zaidi kuliko unavyotarajia. Chiloglanis wana miiba, kwa hiyo usishuke chini ya sentimita 1 na nusu.

Jiwe linalopatikana kirahisi Arusha ni la volkano, na si kila jiwe la volkano ni salama. Lile jepesi lenye vitundu, jekundu au jeusi, linalomwagwa bustanini, lina kingo kama za wembe uliovunjika. Linafaa sana ndani ya chujio kwa kuwa bakteria hukaa katika vitundu vyake, lakini lisikae palipo na samaki asiye na magamba. Chagua lile zito, la rangi ya kijivu cheusi, lenye uso ulioliwa na maji. Pitisha upande wa ndani wa mkono wako juu yake kwa kubonyeza: likiacha mistari myeupe kwenye ngozi yako, litaacha kidonda kwenye yake. Jiwe leupe au la manjano lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa, na litapandisha ugumu wa maji.

Mawe haya yanunuliwe kwa wauzaji wa mawe ya bustani na ukuta. Yasiokotwe kwenye mito kama Themi, Karanga wala Weruweru. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo, na hata pasingekuwa na sheria, jiwe bapa lililoko kijitoni tayari lina wenyeji. Chini yake kuna mayai, kuna chakula, kuna samaki yuleyule unayetaka kumfurahisha nyumbani. Kuligeuza tu bila kulirudisha upande wake kunawaweka wadudu wake juani na kufuta mwanya uliochukua misimu ya mvua kutengenezeka. Anayekwenda kuangalia samaki mtoni ainue jiwe taratibu kutoka upande wa chini wa mkondo, atazame, alilaze vilevile lilivyokuwa. Samaki wenyewe hawachukuliwi kiholela. Uvuvi unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Na gogogo wa Ziwa Tanganyika aliyekushinda kufuga asiachiwe kwenye mito ya Pangani kamwe. Mrudishe dukani.

Usafishaji wa mawe: sugua kwa brashi ya waya, yamwagie maji ya moto, yaanike juani siku kadhaa. Usiyatie motoni wala kuyachemsha kwenye sufuria. Jiwe lenye maji yaliyojificha ndani linaweza kupasuka kwa kishindo na kukurukia usoni.

Upangaji huanzia kwenye kioo, kabla ya mchanga. Weka kipande cha plastiki cha milimita 3 chini, weka jiwe la msingi juu yake, ndipo umwage mchanga kuzunguka. Ukiweka jiwe juu ya mchanga, samaki watachimba, jiwe litainama, na kama halikuvunja kioo litambana aliye chini. Kila tabaka litikise kwa mkono. Likicheza, badilisha kijiwe cha kutenganisha au liunge kwa tone la silikoni. Kilo 12 za mawe mazito hula nafasi ya lita 4 hadi 5 za maji, kumbuka hilo unapopima dawa. Kinywa cha pampu kielekee kwenye mianya kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 25. Ukiona punje za chakula zinapita ndani ya mwanya na kutokea upande wa pili, umepatia.

Kwa kambare wa vijito tunayapa mawe bapa alama 5. Kwa gogogo 4, kwa kuwa kumtoa humo siku ya matibabu ni kubomoa nyumba nzima.

Mchanga nao ni maficho, ingawa hakuna anayeuhesabu. Zaireichthys hahitaji kingine zaidi ya mchanga laini wa kina cha sentimita 4 au 5 na vijiti viwili vya kumvunjia mwanga. Mchanga wa ujenzi unafaa ukichekechwa kwa chekeche la unga na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe, na huwa ni ndoo nyingi kuliko unavyodhani. Mchanga mweusi wa maeneo ya volkano una jambo lake: ndani yake mna punje zinazovutwa na sumaku, na pampu ya tangi ina sumaku kwenye panka lake. Punje hujikusanya humo na kulikwangua mpaka linaanza kulia. Pitisha sumaku ya spika mbovu, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mchanga mkavu mara kadhaa. Utashangaa kinachotoka.

Vifuu vya nazi, ambavyo katika soko la Kilombero, Arusha, havikosekani, tunavipa 3. Kwangua nyuzi na nyama yote, chemsha nusu saa, mwaga maji, rudia mpaka yaache kuwa rangi ya chai. Nyama ya nazi iliyosalia huota ukungu mweupe na kupandisha amonia. Kifuu kikishatulia hudumu mwaka hadi miwili kabla hakijalainika, nacho huyapaka maji rangi hafifu ya kahawia ambayo kambare wengi huifurahia. Kinaweza pia kushusha pH pale maji yasipokuwa na bikaboneti ya kutosha (chumvi inayozuia pH kuyumba), hivyo pima kabla na wiki moja baada.

Mwanzi huoza mapema mno, hasa kwenye ncha zilizokatwa. Tunaupa 1. Matawi ya mpera yaliyokauka vizuri yanafaa kuegemeza juu ya mawe. Ya mwarobaini na mnyaa yasiingie majini kabisa, yana sumu kwa samaki. Kopo la bati lina kingo na linatoa kutu. Hata hivyo ni vizuri kujua kwamba huko Marekani kambare wadogo wa jamii ya Noturus hukutwa wakitaga ndani ya makopo na chupa zilizotupwa mitoni, dume akilinda mayai humo, pale ambapo mawe bapa na mashimo ya asili yamepungua. Kambare hachagui umbo. Anachagua giza, kubanwa na maji yanayopita.

Jinsi ya kuyachanganya katika tangi la kawaida, lile la sentimita 80 kwa 30 kwa 35 lenye lita 84: kwa gogogo 3 weka maficho 5, yaani fungu moja la mabomba 3, chungu kimoja, na rundo dogo la mawe. Idadi izidi samaki kwa mawili siku zote, na milango isitazamane, kwa sababu mbabe akiona milango yote kutoka mlangoni kwake ataimiliki yote. Nafasi ya sentimita 10 ibaki mbele kwa ajili ya kulishia. Lisha taa zikishazimwa, vidonge vya kuzama, na uangalie kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya nailoni. Mwanga huo hauwashtui. Kama baada ya siku 10 kuna ficho ambalo halijawahi kukaliwa, lina kasoro. Mara nyingi ni mwanga unaoingia kutoka nyuma, au upana uliozidi.

Hewa ina hesabu yake kwa miji hii. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya nyuzi 25 ambayo Tanga yangeshika miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita, hapa hushika kama 7. Moshi iko chini zaidi na ingepata nafuu, ila joto lake la Januari na Februari linaila nafuu hiyo. Umeme ukikatika, oksijeni huisha kwanza ndani ya maficho yenye mlango mmoja, kisha kwenye tangi zima. Pampu ya hewa ya betri inafaa kuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, kabla ya chungu cha pili. Ukiwakuta Chiloglanis wameacha mawe na kupanda juu karibu na uso wa maji mchana kweupe, usisubiri umeme: chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka kimo cha futi moja, tena na tena.

Usafi ni mara moja kwa wiki wakati wa kubadilisha robo ya maji. Ingiza mpira wa kunyonyea kwenye kila mlango na uvute uchafu bila kulihamisha ficho. Ute wa kijani na kahawia juu ya jiwe usisuguliwe, ndicho chakula cha Chiloglanis.

Akikwama, usimvute mkia na usimsukume kutoka mbele. Mwache majini, shika ficho, livunje. Bomba hukatwa kwa msumeno kwa urefu wake kando ya samaki, chungu hupasuliwa kwa koleo kuanzia mlangoni. Chungu ni cha kununuliwa tena. Mwiba ukishajinasa kwenye wavu, kata wavu kuuzunguka, usikate mwiba.

Na siku ya kumhamisha, wavu hauhitajiki kabisa kama ulinunua mabomba. Zima taa mapema, subiri aingie, shusha mikono yote miwili taratibu, ziba ncha mbili kwa viganja ukiwa bado chini ya maji, na uinue bomba likiwa limelala. Litoke na maji yake na samaki wake ndani. Lizamishe kwenye ndoo, fungua kiganja kimoja, umwache. Asipotoka, usimtikise; weka bomba zima kwenye tangi jipya.